Ukifika Kitengela, Hesabu Pumzi za Garimoshi

Jumapili hii sikupeleki Mombasa wala Maasai Mara. Nakupeleka karibu tu, mahali ambapo huenda umepapita mara nyingi ukielekea Namanga bila hata kufungua dirisha la gari. Panda matatu ya Kitengela. Mkishapita Mlolongo na viwanda vya saruji vya Athi River, gari litaiacha Barabara ya Mombasa na kukata kulia. Muda si muda utaona maghorofa yaliyoota kama uyoga, maduka ya mbao na mabati, bodaboda zinazopishana na mikokoteni ya maji, na vumbi. Hapo ndipo Kitengela, mji ambao wenyeji wa zamani wanauita Noonkopir, na ambao sensa ya 2019 iliukuta na zaidi ya watu 150,000. Wengi wao ni watu kama wewe na mimi, waliotafuta kijisehemu cha ardhi cha kujengea karibu na Nairobi. Lile vumbi uliweke akilini, kwa maana tutakutana nalo tena.

Mjomba wangu, kakake mama, alikuja hapa alipostaafu. Miaka ya 1970 alikuwa mtia moto kwenye magarimoshi ya mvuke, tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki ambalo lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Mwanawe mmoja anafanya kazi Uingereza, na Krismasi iliyopita alimletea baba yake zawadi ambayo majirani bado wanaizungumza: garimoshi dogo la umeme, modeli ya injini ya mvuke iitwayo Mallard pamoja na mabehewa manne ya abiria. Ni la rangi ya samawati, na pua yake imeinama kama ya papa, maana liliundwa kwa umbo la kukata upepo. Mjomba amelipa veranda nzima. Plaiwudi ya futi nane kwa nne imelazwa juu ya kreti za soda, na reli inaizunguka pembeni.

Nilipobisha alikuwa ameinama juu ya ubao huo, miwani imeteremka hadi puani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pita upande huu. Sikio la huku ndilo linalofanya kazi."

Alizungusha kidude cha mwendo. Garimoshi likaanza kutembea, na kutoka tumboni mwake ikatoka sauti ya mvuke: chuku, chuku, chuku, chuku. Nilitabasamu kama mtoto. Mjomba hakutabasamu.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Nasikia garimoshi."

"Mimi nasikia uongo," akasema. "Hebu hesabu."

Hapa inafaa nikueleze kidogo habari ya injini yenyewe, hasa kama nyumbani kwako kuna mwanafunzi anayesoma fizikia. Silinda ni chumba cha chuma chenye pistoni ndani yake. Mvuke huingia upande mmoja ukaisukuma pistoni, kisha ukaingia upande wa pili ukairudisha. Kila mara mvuke uliokwisha kazi hutupwa nje kupitia dohani, na hapo ndipo hutoka ile pumzi ambayo sisi watoto wa zamani tuliiga kwa midomo tukikimbizana uwanjani. Silinda moja, basi, hupumua mara mbili gurudumu likizunguka mara moja. Injini nyingi zina silinda mbili zilizopangwa zisipumue kwa pamoja, kwa hiyo kila mzunguko utahesabu pumzi nne. Mallard ina silinda tatu, mbili nje na moja iliyofichwa katikati. Hesabu yake ni sita.

Ile modeli ilikuwa ikipumua mara nne. Mjomba alikuwa ametia alama ya chaki kwenye gurudumu kubwa, na tulipoliendesha garimoshi polepole kabisa tukaona wazi: chaki ilifika juu, pumzi nne, ikafika juu tena, pumzi nne. Rekodi ilikuwa safi na spika nzuri, ila sauti ile ilikuwa ya injini nyingine.

Huenda unajiuliza, jambo dogo hivi linamkosesha mzee usingizi kwa nini? Hata mimi nilijiuliza. Jibu nililipata jikoni kwa mkaza mjomba, tulipokuwa tukimenya viazi. Daktari wa masikio amemwambia Mjomba kwamba sauti nyembamba zimekwisha kumtoka, na kwamba nyingine zitafuata polepole. Miaka mingi kando ya boila na mvuke uliokuwa ukifyatuka imedai deni lake. Hivyo mzee anataka garimoshi lile litembee na kulia inavyopasa wakati bado anaweza kulihukumu kwa sikio lake mwenyewe. Hana miaka kumi ya kungoja.

Mallard halisi haikuwa injini ya mchezo. Iliundwa na Nigel Gresley, na tarehe 3 Julai 1938, ikiteremka mwinuko uitwao Stoke huko Uingereza, ilifikia maili 126 kwa saa, yaani karibu kilomita 203. Hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuipita hadi leo. Wajerumani walikuwa wamefika kilomita 200 na kidogo mwaka 1936 kwa injini yao 05 002, nayo pia ilivikwa bati la kukata upepo. Siku ile ya rekodi Mallard iliumia: beringi ya silinda ile ya katikati ilipata joto kupita kiasi. Kwa kuwa sehemu hiyo haionekani na dereva, mafundi walikuwa wameiwekea chupa ndogo ya mafuta ya anisi. Beringi ikichemka chupa hupasuka, na harufu ikampasha dereva habari. Mjomba aliposimulia hayo alicheka hadi akakohoa. "Sisi," akasema, "harufu yetu ilikuwa ya mafuta mazito tu, kutoka Nairobi hadi Mombasa."

Nifafanue hapo, kwa sababu wengi hudhani mtia moto wa Kenya alikuwa akichota makaa kwa koleo. Injini kubwa alizofanyia kazi Mjomba ziliunguza mafuta. Kazi yake ilikuwa kurekebisha mafuta, maji na mvuke saa zote, huku jicho likiangalia moshi na sikio likisikiliza dohani. Moshi ukiwa mweusi, unapoteza mafuta. Pumzi zikichechemea, kuna kitu kimelegea. Mallard na dada zake nazo zilijulikana kwa kuchechemea huko. Silinda ya katikati ilipata amri yake kupitia vyuma vilivyounganishwa na silinda za nje, na pini za vyuma hivyo zikichakaa, pumzi mbili kati ya zile sita ziliacha kulingana na wenzake.

Sasa piga hesabu nami. Gurudumu kubwa la Mallard lina kipenyo cha mita 2.03, kwa hiyo kila mzunguko huipeleka mbele mita 6.4 hivi. Kwa kilomita 203 kwa saa hiyo ni karibu mizunguko tisa kila sekunde, na pumzi 53. Sikio halihesabu tena. Linasikia mvumo mmoja, kama mzinga wa nyuki uliotikiswa. Ndiyo maana anayenunua modeli ya garimoshi la kasi na kulikimbiza tu anapoteza nusu ya fedha zake. Kwenye ubao wa Mjomba, kwa kipimo cha 1 kwa 76, kasi ile ya rekodi ingelizungusha garimoshi ubao mzima kwa sekunde nane, na usingesikia chochote cha maana. Utamu wa sauti uko katika kuondoka stesheni.

Na ukitaka kujua kuondoka stesheni kulivyosikika kwetu, wapeleke watoto kwenye Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Muulizie Mount Gelai, injini nambari 5918. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani 252, na hakuna injini ya mvuke kubwa kuliko hizo iliyopata kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja. Simama mbele yake utazame tangi la maji lilivyoviringwa pembe zake. Fasheni ya kukata upepo ilitufikia hata sisi, ingawa injini ile ilipanda kutoka pwani ikivuta tani 1,200 na haikuwa na upepo wa kukata. Waliovaa fasheni hiyo kwa dhati barani Afrika ni Waalgeria. Kuanzia mwaka 1936 reli yao ilipata injini za muundo kama huu zilizofunikwa bati toka pua hadi mkia, kwa ajili ya abiria, na moja ya ukoo huo ilifikia kilomita 132 kwa saa katika majaribio huko Ufaransa.

Muundo huo huitwa Garratt: injini mbili chini ya boila moja, moja mbele na nyingine nyuma. Hakuna mtaimbo unaoziunganisha. Kila moja ina silinda zake mbili na huzunguka kivyake. Zikienda hatua moja, unasikia pumzi nne nzito, kama mtu anayepasua kuni. Kisha gurudumu la upande mmoja linateleza kidogo, au limechakaa kuliko la mwenzake, na hatua zinaachana. Pumzi zinakuwa nane, nyepesi, zinakanyagana. Baada ya muda zinarudiana. Mjomba huita hali hiyo "kuzozana na kupatana", na humtazama mkewe anaposema hivyo.

Magurudumu ya 59 yalikuwa na kipenyo cha mita 1.37. Ikiondoka stesheni kwa mwendo wa mtu anayetembea, tuseme kilomita tano kwa saa, kila upande ulipumua mara 77 hivi kwa dakika. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono wako uhesabu. Huenda ukaipata hesabu iyo hiyo.

Turudi verandani. Mjukuu wa Mjomba, msichana wa kidato cha tatu, ndiye aliyeitengeneza Mallard ipumue sita. Ndani ya modeli kuna kijisahani cha elektroniki kiitwacho dikoda, ambacho hupima mzunguko wa mota na kuamua lini sauti itoke. Binti alibadilisha nambari moja, akaendesha, akatazama chaki, akabadilisha tena. Jioni nzima ilikwenda hivyo. Mara ikawa tano, mara saba. Ilipofika sita, na ikabaki sita hata garimoshi lilipopunguza mwendo, Mjomba alinyoosha mkono akampa mjukuu wake shilingi mia mbili bila kusema neno.

Hata hivyo sauti haina faida ikiwa mwendo wenyewe ni wa kushtukashtuka, na hapa ndipo vumbi letu la Kitengela linaporudi. Umeme wa garimoshi hili hupita kwenye reli, ukaingia kwa magurudumu. Vumbi la barabara likichanganyika na la saruji na mafuta kidogo ya ekseli, hutengeneza utando mweusi ambao umeme hauupiti. Injini husimama, huruka, husimama tena, na dikoda hukata sauti katikati ya pumzi. Abiria wangekuwa ndani wangevunjika meno. Kila asubuhi kabla ya chai Mjomba hupangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti, na magurudumu ya mabehewa kila Jumamosi. Amenifundisha pia nisipake mafuta ovyo. Tone moja kwenye ncha ya sindano linatosha.

Kisha kuna ubao. Plaiwudi ni ngoma. Ukipigilia reli juu yake kwa misumari, utasikia mngurumo wa ubao kuliko wa garimoshi. Baada ya kusumbuka, wawili hawa walikatakata kandambili kuukuu za nyumba nzima, wakatandika vipande chini ya reli, wakaifunga kwa gundi. Mngurumo ukanyamaza. Ukipita verandani utaona mstari wa mataruma umelalia rangi za waridi, buluu na kijani, na mkaza mjomba hadi leo anauliza zake zilikwenda wapi.

Ili kupima mwendo Mjomba ameondoa paa la behewa la mwisho, akasimamisha ndani yake sarafu ya shilingi tano kwa ukingo wake. Garimoshi linaondoka, linazunguka, linasimama. Sarafu ikilala, dereva ameshindwa. Mimi nilishindwa mara nne. Anasema zamani hakuna aliyesifiwa kwa kasi. Dereva wa garimoshi la abiria alijulikana kwa chai ya watu katika behewa la maakuli: ikimwagika kwenye sahani wakati wa kuondoka, habari ilifika Nairobi kabla yake.

Baada ya hayo yote bado mzee hakuridhika. Sita zipo, sarafu imesimama, lakini akasema reli zenyewe ni bubu.

"Bubu vipi, Babu?" mjukuu akauliza.

Hapo tukagundua jambo. Binti huyu amepanda garimoshi mara tatu maishani mwake, na zote ni zile za SGR, reli iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Vyuma vya reli ile vimeunganishwa kwa kuchomelewa, kipande kwa kipande, na behewa huteleza juu yake likivuma tu. Hajawahi kusikia magurudumu yakigonga viungio. Mjomba alijaribu kumwigia kwa vidole juu ya meza, akaacha.

"Jumamosi," akasema, "twende Kajiado."

Kutoka Kitengela hadi Kajiado ni mwendo wa saa moja hivi, barabara nzuri, nchi tambarare. Kaa upande wa kulia ukipata nafasi, uione milima ya Ngong ikibaki nyuma. Nyanda hizi ndizo zilizokuwa njia ya nyumbu na pundamilia waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, wakienda kusini mvua zinaponyesha. Siku hizi kila hatua mia kuna uzio na bango la ploti. Isinya tulisimama kununua maji, na mama mmoja akamvisha binti bangili ya shanga kabla hajasema kama anaitaka. Tuliilipia. Mbele ya hapo nchi inafunguka tena: migunga, ng'ombe wanaovuka bila haraka, na mchungaji aliyeshika rungu mkono mmoja na simu mkono wa pili.

Jina Kajiado limetokana na Kimaasai, Olkejuado, mto mrefu. Ukifika katika majira ya kiangazi utautafuta mto huo kwa taabu. Sisi tulitafuta reli. Tawi hili hutoka Konza, kwenye reli ya zamani ya Mombasa, likapita Kajiado na kushuka hadi Ziwa Magadi, umbali wa karibu kilomita 146. Lilijengwa kwa sababu ya magadi. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na kufikia 1915 reli ilikuwa imefika. Kajiado iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Magadi iko mita 600 tu, ndani ya Bonde la Ufa. Wazia kushuka mita elfu moja na zaidi ukiwa na mabehewa nyuma yako. Injini za mvuke ziliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne, kabla ya dizeli kuzipokonya.

Tulikaa chini ya mgunga, mbali na reli, tukiwa na chapati na maziwa lala. (Ukienda na watoto nawe ukae mbali. Reli si mahali pa kuchezea, hata kama inaonekana imelala.) Tulikaa saa nne nzima. Binti alisoma kitabu chake cha kemia akakimaliza. Mjomba alisinzia. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia kwamba labda turudi siku nyingine, ndipo binti akainua kichwa.

"Babu, linakuja."

Mjomba akatega sikio, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Dakika moja ikapita kabla honi haijamfikia, naye akasimama akapangusa suruali. Dizeli ikatokea kwenye kona ikiburuta mabehewa ya magadi, ikapunguza mwendo kuingia stesheni, na breki zikaanza kulia: mlio mwembamba, mkali, wa kuumiza meno. Binti akaziba masikio.

Mjomba akanigeukia. "Ajabu," akasema. "Breki za siku hizi hazilii kabisa."

Sikumjibu. Mjukuu wake alikuwa amenitazama, kisha akaangalia chini.

Lakini magurudumu aliyasikia. Mbele yetu kulikuwa na kiungio kimoja cha reli, na kila gurudumu lililokipita lilikigonga. Behewa moja lina bogi mbili, na kila bogi ina ekseli mbili. Bogi ya nyuma ya behewa moja na ya mbele ya linalofuata ziko karibu, kwa hiyo sauti hujikusanya: ta-ta, ta-ta, kisha kimya kirefu kama urefu wa tumbo la behewa, kisha tena ta-ta, ta-ta. Mjomba alikuwa akiyapiga hayo hayo kwenye paja lake kwa kiganja. Binti alikuwa ameinua simu akirekodi, na midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mabehewa yakaisha. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko cha mwanzo.

Njiani kurudi alipiga hesabu nyuma ya daftari la kemia. Mjomba alimfundisha mbinu ya abiria wa zamani: ikiwa vipande vya reli vina urefu wa mita 12, kaa ndani ya behewa uhesabu migongo ya kiungio kwa sekunde 43, nayo hesabu utakayopata ndiyo kilomita kwa saa. Ukipata 40, unakwenda kilomita 40. Binti hakuamini hadi alipoithibitisha kwa kalamu. Kisha akagawanya mita 12 kwa 76 akapata sentimita 16 kasoro kidogo.

Wiki iliyofuata alichukua msumeno mwembamba wa chuma akakwaruza juu ya reli za modeli kila baada ya sentimita 16, mkwaruzo usiofika nusu milimita, bila kuikata reli ili umeme usikatike. Kazi hiyo haitaki haraka. Mkwaruzo ukizidi, gurudumu linaruka na sarafu inalala. Ukipungua, hakuna sauti. Vilevile aliipunguza spika hadi ikawa karibu kunong'ona, kwa sababu garimoshi la ukubwa ule likilia kwa nguvu husikika kama redio iliyofungiwa koponi. Sasa ukikaa hatua mbili kutoka kwenye ubao unasikia pumzi sita mbele na, nyuma yake, magurudumu ya mabehewa yakigonga.

Niliporudi Kitengela Jumapili iliyopita nilimkuta Mjomba ameketi kitako kando ya ubao. Kifaa cha sikio alichopewa hospitali kilikuwa mezani, maana anasema kinamletea kelele za bodaboda zaidi kuliko za garimoshi. Alikuwa ameweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya plaiwudi, karibu na reli, na macho ameyafumba. Mallard ilikuwa ikizunguka polepole, sarafu imesimama.

"Ngapi?" akauliza.

"Sita, Babu."

"Sawa." Garimoshi likapita mbele ya mkono wake, likazunguka, likapita tena. Mimi nilisikia kila kitu kimekwenda vizuri. Binti pia alinikonyeza kwamba kimekwenda vizuri. Mjomba akainua kidole.

"Simamisha. Rudi nyuma kidogo. Kiungio kile cha tatu baada ya kona, umekikwaruza upande mmoja tu."

Binti akachukua tochi, akainama, akatazama. Kisha akaenda kutafuta msumeno.